Kufunga kifaa cha kupiga resi chenyewe kwenye gari la gia za mkono

Ukishusha gia kutoka ya nne kwenda ya tatu bila kugusa mafuta, ukiachia klachi tu gari linakusukuma kifua kwenye usukani. Wengi wakiona hivyo hudhani klachi imechoka. Kumbe ni hesabu tu: mwendo wa gari haujabadilika, lakini gia ya tatu inataka injini izunguke kasi kuliko ilivyokuwa kwenye ya nne, na sekunde ile ulipokanyaga klachi injini ilikuwa inashuka. Ukiachia, magurudumu ndiyo yanayoiburuta injini ipande. Anayelipia ni klachi pleti na mikono ya injini, yaani mipira inayoishikilia injini kwenye bodi.

Dawa ya zamani ni kukanyaga breki kwa upande mmoja wa mguu wa kulia na kugonga mafuta kwa upande wa pili wa mguu huohuo, mguu wa kushoto ukiwa kwenye klachi, ili injini ipande kabla hujaiachia klachi. Ni ufundi mtamu, ila unataka mazoezi ya miezi na pedali zilizokaa karibu karibu. Nissan walilifanya gari lipige resi hizo lenyewe, tangu kiwandani, kwenye 370Z ya mwaka 2009, wakafuatiwa na Corvette ya 2014, na Honda Civic Type R ya 2017 nayo inao mfumo huo. Mifumo hiyo ya kiwandani ina sensa inayoona lever ya gia inaelekea wapi, kwa hiyo inajua resi ngapi (mizunguko ya injini kwa dakika) zinahitajika.

Kifaa unachofunga mwenyewe hakijui gia. Kinajua mambo mawili tu: breki imekanyagwa, klachi imekanyagwa. Vikitokea pamoja, kinaidanganya kontroli boksi (kompyuta ya injini) kwamba umegonga pedali ya mafuta, halafu kinanyamaza. Shika hilo kichwani, maana karibu kila tatizo utakalokutana nalo linatokana na upofu huo.

Kabla hujanunua

Inama uangalie pedali ya mafuta. Kama juu yake inatoka kebo ya chuma inayokwenda kwenye injini, ishia hapa. Kifaa cha aina hii hakina cha kufanya kwenye gari la kebo. Unachotafuta ni pedali yenye soketi ya umeme, mara nyingi ya waya sita.

Jaribio la pili halihitaji kifaa chochote. Washa injini, iache ipate joto, gari likiwa limesimama gia huru, hendibreki juu. Kanyaga breki, kanyaga klachi, kisha gonga mafuta kwa mguu huohuo wa breki, au mwombe mtu mwingine aibonyeze pedali kwa mkono. Resi zikipanda, endelea. Zikigoma, gari lako lina ule ulinzi unaokata mafuta breki ikikanyagwa, na kifaa kitapata jibu lile lile ulilopata wewe. Fanya tena jaribio hilo ukiwa kwenye mwendo, sehemu iliyo wazi, kwa sababu kuna magari ambayo ulinzi huo huamka gari likitembea tu. Watu wananunua kifaa, wanakifunga jioni nzima, ndipo wanagundua hili. Inauma.

Ukichagua kifaa, nunua kilichotengenezewa soketi ya gari lako hasa, chenye plagi dume upande mmoja na jike upande wa pili, ili usikate hata waya mmoja wa pedali. Na hakikisha ndani yake mna relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayorudisha mawimbi ya pedali moja kwa moja kwenye gari umeme wa kifaa ukikatika. Kama muuzaji hawezi kukuthibitishia hilo, usikifunge. Kifaa kikifa ukiwa barabara kuu, pedali yako lazima iendelee kufanya kazi kana kwamba hakuna kitu kilichowahi kufungwa.

Vifaa vya kazi: malitimita (kipima umeme), spana ya 10, bisibisi, plaizi ya kubana vishikio vya waya, tepu ya umeme ya kitambaa, vibano vya plastiki, tochi ya kuvaa kichwani, pini nyembamba mbili, na rula ya mbao. Rula nitaieleza. Usitumie taa ya kupimia yenye balbu kwenye waya za sensa. Inavuta umeme mwingi kuliko sensa inavyoweza kutoa. Na waya zilizovikwa ala ya njano usiziguse, hizo ni za mifuko ya hewa.

Kuzijua waya za pedali

Ndani ya pedali ya mafuta mna sensa mbili, siyo moja. Kila moja ina waya wa volti 5, waya wa ethi, na waya wa kupeleka jibu. Kontroli boksi inasoma majibu yote mawili na kuyalinganisha. Kwenye magari mengine jibu la pili ni nusu ya la kwanza, kwa mfano volti 0.8 na 0.4 pedali ikiwa juu. Kwenye mengine majibu yote yanapanda sambamba yakiwa na pengo lisilobadilika. Majibu yakitofautiana na mpangilio huo kupita kiasi kinachoruhusiwa, kontroli boksi haimwamini dereva tena: taa ya cheki injini inawaka, gari linakuwa zito, na kwenye mashine ya kupimia unakuta kodi (namba ya hitilafu) P2138.

Ndiyo maana kabla ya kufungua chochote, pima. Washa swichi bila kuwasha injini. Ingiza pini taratibu nyuma ya soketi, pembeni ya waya, bila kutoboa ganda lake. Waya mweusi wa malitimita uguse bodi ya gari. Andika namba za waya zote sita pedali ikiwa juu, kisha ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Karatasi hiyo itunze. Siku ukimaliza kufunga, namba zilezile zinatakiwa zionekane upande wa pili wa kifaa kikiwa kimezimwa.

Waya wa breki, na ule wa klachi unaoponza watu

Swichi ya breki iko juu kabisa ya pedali, mahali ambapo mkono wa pedali unagota. Tafuta waya unaosoma sifuri pedali ikiwa huru na volti 12 ukikanyaga. Huo ndio waya wa taa za breki, na unafanya kazi hata swichi ya gari ikiwa imezimwa, kwa hiyo hata usipokuwa na mchoro utautambua. Swichi nyingi zina waya mwingine unaofanya kinyume, una umeme muda wote na kuupoteza ukikanyaga. Huo uache.

Klachi ndiyo penye kazi. Magari mengi yana swichi mbili kwenye pedali ya klachi. Moja iko juu, inabadilika mguu ukigusa tu pedali. Kazi yake ni kuiambia kontroli boksi kwamba dereva anataka kubadili gia. Nyingine iko chini, inabadilika pedali ikikaribia sakafu. Hiyo ndiyo inayozuia starta isizunguke hujakanyaga klachi. Rahisi kufikika ni ile ya juu, na mimi mara ya kwanza niliichukua hiyo hiyo. Kwenye gereji kila kitu kilikwenda vizuri, mshale wa resi ukaruka, nikafurahi. Nikatoka barabarani, nikakaribia makutano nikiwa gia ya tatu, nikakanyaga breki na klachi kwa pamoja, na gari likaruka mbele kama limepigwa kofi. Resi zilipigwa klachi ikiwa bado imeshika. Kwa bahati gari la mbele yangu lilikuwa mbali.

Hapa ndipo rula inaingia. Simamisha gari mahali tambarare, hendibreki imara, injini ikiunguruma taratibu. Tia gia ya kwanza, kisha achia klachi polepole mno mpaka usikie mlio wa injini unazama kidogo. Hapo klachi imeanza kushika. Mwambie mwenzako apime kwa rula ni sentimita ngapi kutoka sakafuni hadi kwenye mpira wa pedali. Zima injini. Sasa washa swichi tu, weka malitimita kwenye waya wa swichi ya klachi, na ushushe pedali kwa mkono hadi namba ibadilike. Pima tena.

Kwenye gari langu klachi inashika sentimita 8 kutoka sakafuni. Swichi ya juu inabadilika kwenye 13, ya chini kwenye 3. Kati ya 13 na 8 injini bado imefungana na magurudumu, na mshtuko wowote wa mafuta hapo unakwenda barabarani. Unachotaka ni swichi inayobadilika chini ya pale klachi inaposhika. Kama ya chini inafikika, chukua hiyo. Kama haifikiki, chukua ya juu lakini kifaa chako kiwe na kirekebishi cha kuchelewesha, na tutakiweka.

Angalia pia mwelekeo. Swichi nyingi za klachi zinafanya kazi kinyume na ile ya breki: una volti 12 pedali ikiwa huru, zinaporomoka hadi sifuri ukikanyaga. Vifaa vingi vina kitufe cha kugeuza hilo. Ukisahau kukigeuza, kifaa kitapiga resi kila ukikanyaga breki bila klachi, jambo ambalo hutaki kulionja. Na kama gari lako halina swichi bali sensa inayopanda volti polepole kadiri pedali inavyoshuka, usiunganishe moja kwa moja kabla ya kuhakikisha kifaa chako kinaweza kuelewa umeme wa aina hiyo.

Kufunga

1. Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua terminali hasi ya betri, subiri dakika kama kumi.

2. Sogeza kiti nyuma kabisa. Utalala kichwa chini, miguu juu ya kiti, na hakuna namna ya heshima ya kulifanya hili. Tochi ya kichwani sasa inaonyesha thamani yake.

3. Chomoa soketi ya pedali ya mafuta. Karibu zote zina kifungo kidogo cha rangi tofauti, chekundu au cheupe, kinachovutwa kwanza kabla ya kubonyeza ulimi. Plastiki ikishakula miaka inavunjika kama biskuti; bonyeza kwa kidole, usitumie bisibisi. Usivute waya.

4. Chomeka waya za kifaa katikati: jike kwenye pedali, dume kwenye soketi ya gari. Lazima usikie “tak” mara mbili, moja kila upande. Usiposikia, haijaingia.

5. Unganisha waya wa breki na wa klachi. Mimi navua ganda la waya wa gari sentimita moja, nauzungushia ule wa kifaa, nachomelea kwa risasi, kisha navisha mpira wa kunywea kwa joto. Vile viunganishi vya plastiki vinavyotoboa waya ni vya haraka, lakini kwenye sehemu inayotikisika kila siku vinalegea, na waya wa breki si mahali pa kujaribia bahati.

6. Umeme chukua kwenye boksi la fyuzi, kwenye mzunguko unaowaka swichi ikiwashwa na kuzimika ikizimwa. Redio au kiberiti cha gari panafaa. Mzunguko wa mifuko ya hewa, wa breki za ABS au wa kontroli boksi usiuguse. Weka fyuzi ndogo ya ampia 1 au 2 ya kifaa peke yake. Kinakula umeme kidogo sana. Katikati ya waya huo weka swichi ya kuzimia, mahali ambapo mkono wako unafika bila kutazama.

7. Ethi ifunge kwenye boliti ya bodi, kwanza ukwangue rangi mpaka chuma king’ae. Usiibe ethi kwenye waya za pedali. Ile ni ya sensa, kontroli boksi inaitegemea kama kipimo, na ukiongeza mzigo hapo namba zote zitayumba.

8. Funga kila waya kwa vibano juu, mbali na mkono wa pedali na nguzo ya usukani. Kanyaga kila pedali mara ishirini hadi mwisho ukiwa unatazama kwa tochi. Waya ukigusa kitu chochote kinachotembea, rudia.

Rudisha betri. Washa swichi bila injini kwa nusu dakika hivi, ili gari lijifunze upya mahali pa pedali na throto (mlango wa hewa ya injini). Mengine yanahitaji hatua zilizo kwenye kitabu chake. Swichi ya kifaa ikiwa imezimwa, washa injini na ujaribu mafuta. Yafanye kazi kama jana. Linganisha na karatasi yako. Taa ya cheki injini ikiwaka hapa, usiendelee: kodi P2122 au P2127 maana yake jibu la sensa mojawapo liko chini kuliko inavyotakiwa, na mara tisa kati ya kumi, kwa uzoefu wangu, ni soketi haijaingia hadi mwisho.

Kurekebisha

Vifaa vingi vina virekebishi vitatu vidogo vya kuzungusha kwa bisibisi: nguvu ya resi, muda wake, na kuchelewa kabla ya kuanza. Anza na nguvu chini kabisa, muda mfupi kabisa, kuchelewa katikati.

Kwanza tafuta unachokitaka. Endesha kilomita 60 kwa saa kwenye gia ya nne, soma mshale. Kisha gia ya tatu, mwendo uleule. Kisha ya pili. Gari langu linasoma 1,900, kisha 2,600, kisha 3,900. Kwa hiyo kutoka nne kwenda tatu nahitaji kuongeza 700, kutoka tatu kwenda pili 1,300. Na kwenye kilomita 90 ile 700 inageuka kuwa 1,050, kwa sababu uwiano ndio usiobadilika, tofauti inakua na mwendo. Kifaa kinachopiga resi ya aina moja hakiwezi kukidhi zote. Chagua ushushaji unaoufanya zaidi, ukitengeneze kwa huo, na mengine uyakubali yawe nusu nusu. Mimi nimechagua tatu kwenda pili kwenye mwendo wa kati, kwa sababu pale ndipo gari lilikuwa linanipiga zaidi. Nne kwenda tatu sasa resi zinazidi kidogo, nami nachelewa kuachia klachi kwa kitambo kidogo zishuke zenyewe.

Gari likiwa limesimama, gia huru, injini ya moto, kanyaga breki kisha klachi. Mshale uruke na kushuka mara moja. Ukiruka hadi unakaribia alama nyekundu, punguza hapohapo. Usijaribu kulitengeneza kikamilifu gari likiwa limesimama, kwa sababu injini isiyo na mzigo inayonguruma taratibu haijibu sawa na ile uliyoikanyagia klachi ikiwa kwenye 3,000.

Kisha nenda barabara tupu, iliyonyooka, kavu, bila gari nyuma yako. Shusha gia moja tu kwa wakati, na usikilize kiuno chako kuliko mshale. Ukiachia klachi pua ikazama na mshale ukapanda, resi zilikuwa chache, au zilikwisha kabla hujaachia. Ukiachia gari likasukumwa mbele na mshale ukashuka, zilizidi. Likiruka mbele wakati mguu ndio kwanza unashuka, kuchelewa ni kufupi mno; ongeza. Mguu wangu unachukua karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kutoka kugusa pedali hadi kupita pale klachi inaposhika, lakini siku nikiwa nimechoka unachelewa zaidi, kwa hiyo niliweka kuchelewa mara mbili ya hapo. Geuza kirekebishi kimoja, robo mzunguko, jaribu mara tano, ndipo uguse kingine. Ukigeuza viwili kwa pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

Ikipatikana utaijua. Unaachia klachi na hakuna kinachotokea. Abiria anaendelea na hadithi yake.

Mambo ya kuzoea

Kifaa hakijui kwamba unasimama. Ukikaribia taa nyekundu ukakanyaga breki na klachi, kitapiga resi pia, na watu watageuka kukutazama. Dawa ni kusubiri gari lipungue kwenye gia hadi resi ziwe chini kabisa ndipo ukanyage klachi, au kununua kifaa kinachokaa kimya chini ya resi fulani. Mlimani napo, ukishikilia breki na kukanyaga klachi ili utie gia ya kwanza, injini itanguruma. Haina madhara, ila mara ya kwanza inashtua. Kwenye foleni mimi nazima tu.

Nazima pia nikimpa mtu mwingine gari, na nikilipeleka kwa fundi nachomoa kifaa kizima kabla ya kufika. Fundi akikuta kitu asichokijua kwenye waya za pedali, kila hitilafu atakayoiona ataisukumia hapo.

Baada ya wiki mbili lala tena chini ya dashibodi, vuta kila kiungo kwa vidole, angalia vibano na ethi. Na siku utakayobadilisha klachi pleti, au hata kutoa hewa kwenye mfumo wa klachi, mahali inaposhika patahama. Toa ile rula upime upya kabla ya kuiwasha swichi ya kifaa. Kwenye gari langu palihama sentimita mbili kwenda juu, na kuchelewa kote nilikokuweka kukabidi kuanza upya.